Chumba cha Matangi ya Samaki Kwenye Besimenti

Karibuni watazamaji. Leo tunaandaa besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, ya nyumba ya Marekani au Kanada iwe chumba cha samaki: matangi 8 ya lita 150, ya samaki wa Ziwa Tanganyika. Matangi yenyewe yasubiri kwanza nje.

Tunaanza na ukuta. Maji ya nyuzi 26 hutoa mvuke usiku na mchana. Wakati wa baridi mvuke huo ukigusa zege unageuka matone, na kuvu huota nyuma ya jipsamu, mahali usipopaona. Bandika bodi za foamu moja kwa moja kwenye zege, ziba maungio kwa utepe, kisha zifunike kwa jipsamu ya bafuni, maana foamu ikiwa wazi hushika moto haraka. Weka mashine ya kukausha hewa, iseti unyevu wa asilimia 50, na mpira wake uingie kwenye tundu la maji la sakafuni. Ndoo ya kumwaga kwa mkono utaisahau tu. Kila tangi liwe na mfuniko wa kioo.

Umeme. Laini ya ampea 15 kwa volti 120 hubeba wati 1,800, lakini kwa vifaa vya kuwaka muda mrefu usivuke asilimia 80, yaani 1,440. Hita 8 za wati 150 zinakula 1,200. Ukichomeka na mashine ya kukausha hewa, wati 500 hivi, umeshapitiliza. Mwite fundi mwenye leseni aipe laini yake. Soketi zote ziwe za kujikata umeme ukivuja, ila pampu ya hewa isichangie soketi na hita: kioo cha hita kikipasuka wewe uko kazini, samaki watakosa joto na hewa kwa mpigo mmoja. Waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili matone yadondokee sakafuni.

Kichanja sasa. Tangi moja likijaa lina kilo 200 na zaidi. Tumia mbao za mbili kwa nne, na mbao za kubeba tangi zikalie vichwa vya nguzo. Zikitegemea skrubu peke yake, siku moja zitakatika. Weka pima maji, kwa sababu sakafu nyingi za besimenti huinamia kwenye tundu la maji. Chomeka vipande chini ya miguu, si chini ya tangi. Juu ya kila tangi acha sentimita 35 za kupitisha mkono.

Hewa: pampu moja, bomba la PVC linalozunguka chumba na kurudi lilikoanzia, koki moja kwa kila kichujio cha sponji. Pampu ikae juu kuliko maji, la sivyo umeme ukikatika maji yatairudia.

Maji mapya yaandae kwenye pipa la lita 200 lenye hita. Miji mingi hutia kloramini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, ambayo haiondoki kwa kuacha maji wazi usiku kucha. Tia dawa ya kuiondoa.

Jaza matangi, yaache siku nzima ukikagua uvujaji. Kisha otesha bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti na mwishowe nitrati: tia amonia miligramu 2 kwa lita na upime. Ikiisha ndani ya saa 24, na nitriti nayo ikiwa sifuri, badilisha maji kupunguza nitrati, ndipo ulete samaki. Mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6.