Kempa Mgongoni, Boti Nyuma: Ekseli Inasemaje?

Mabibi na mabwana, swali la leo wanaulizana sana wenye pikapu huko Marekani na Kanada: ukishapakia kempa, ile nyumba ndogo inayokaa kwenye bodi, bado unaweza kukokota boti? Jibu ni ndiyo, kwa baadhi ya magari, tena machache kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini. Kisheria mpango huu una nafuu yake. Kempa ni mzigo wa gari, kwa hiyo unakokota trela moja tu; anayevuta nyumba ya magurudumu kisha akaunga boti nyuma yake atazuiwa katika majimbo kadhaa.

Msianze na injini. Tangazo likisema gari linavuta tani 6, ujue limepimwa likiwa karibu tupu. Kipimo cha SAE J2807, kanuni ya wahandisi wa magari ya kupimia uwezo wa kuvuta, kinahesabu dereva na abiria mmoja, kilo 68 kila mtu. Kempa haimo. Kinachowahi kushindwa ni ekseli ya nyuma, na injini itaendelea kuvuta bila kukwambia kitu.

Chukueni kalamu. Tuseme ni pikapu ya daraja linaloitwa tani moja (jina tu, si kikomo cha mzigo), yenye tairi mbili tu nyuma. Kwenye mwimo wa mlango wa dereva pana kibandiko chenye GVWR, yaani uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Toa uzito wa gari tupu lililojaa mafuta, ulioupima kwenye mizani. Tuseme inabaki nafasi ya kilo 1,780. Kempa imeandikwa kilo 1,050, na huo ni uzito wake ikiwa kavu, jinsi ilivyotoka kiwandani. Maji lita 110 ni kilo 110. Mitungi miwili ya gesi, chuma na gesi yake, kilo 34. Betri ya pili na turubai la kivuli, 70. Vyakula, vyombo, matandiko na nguo, 180. Watu watatu, dereva akiwemo, 220. Minyororo ya kufungia kempa na vyuma vya kuungia trela, 55. Jumla 1,719. Zimebaki kilo 61, na boti bado haijaguswa.

Sasa boti na trela yake, kilo 1,800. Sehemu ya uzito huo inakandamiza mpira wa chuma wa kuungia. Tuuite uzito wa shingo, shingo ikiwa ile sehemu ya mbele ya trela inayoungwa kwenye gari. Kwa trela za boti huwa kati ya asilimia 5 na 10. Tukichukua 7, ni kilo 126. Umezidisha kilo 65, na hii ni kempa ndogo. Msijaribu kuponea kwa kupunguza uzito wa shingo: shingo ikiwa nyepesi mno, trela huanza kuyumba kushoto na kulia, na kwa mwendo wa barabara kuu mara nyingi dereva hawezi kuituliza.

Halafu kuna jambo wengi hawalipigii hesabu. Kempa nyingi hutokeza nyuma ya bodi, kwa hiyo panahitajika bomba la kurefushia kifaa cha kuungia trela ili pua ya boti isigonge ukuta wa kempa kwenye kona. Bomba hilo ni wenzo. Gari lenye mita 4.4 kati ya ekseli, mpira ukiwa mita 1.3 nyuma ya ekseli, zile kilo 126 zinakuwa 163 juu ya ekseli ya nyuma. Ongeza bomba la mita 0.9 na zinakuwa 189, huku kilo 63 zikiondolewa kwenye magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya usukani. Juu ya hayo, mabomba mengi ya kawaida hupunguza uwezo wa kifaa cha kuungia hadi nusu. Soma maandishi ya bomba lenyewe. Minyororo ya usalama nayo lazima irefushwe, ipishane chini ya shingo, na ishikwe kwenye gari, isishikwe kwenye bomba.

Mtu atauliza kuhusu mifuko ya hewa kwenye springi. Inanyanyua mkia, gari linaonekana limesimama sawa, lakini uwezo wa ekseli, rimu na tairi haukuongezeka hata kilo moja. Tairi ya LT275/70R18 ya daraja E hubeba kilo 1,650 ikiwa na upepo wa psi 80. Mbili ni 3,300. Kikomo cha ekseli kilichoandikwa mlangoni kikiwa chini ya hapo, fuata kilicho chini.

Thibitisheni kwenye mizani. Vituo vingi vya malori vina mizani iitwayo CAT Scale, yenye mabamba yanayopima kila ekseli peke yake. Pima kila kitu kikiwa tayari, watu wameketi, boti imeungwa. Kisha egesha boti, rudi upime gari peke yake. Jumla ya ekseli mbili za gari mara ya kwanza, toa jumla ya mara ya pili: huo ndio uzito wa shingo.

Ukikuta umezidi, dawa rahisi ni maji. Safiri tangi likiwa tupu, ujaze kambini, na kilo 110 zimeondoka. Vitu vizito vinaweza kuhamia kwenye boti, juu kabisa ya ekseli ya trela, mradi trela yenyewe ina nafasi. Ikiwa umezidi kwa kilo 400, hapo tunazungumzia gari lenye tairi nne nyuma.

Breki za trela za boti mara nyingi hujibana zenyewe trela inapoisukuma gari. Kwenye mteremko mrefu, ukishikilia gari kwa gia ya chini, trela inasukuma muda wote, breki zinabana muda wote na kupata moto. Simameni katikati ya mteremko zipoe. Na mkifika ziwani msikimbilie majini: hewa iliyo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye moto husinyaa ghafla ikigusa maji baridi, ikavuta maji kupita kwenye sili, na beringi zikaanza kushika kutu. Weka kiganja karibu na habu. Kama joto linakufanya urudishe mkono, fungua kamba za boti kwanza, unywe chai.