Imani ya Mwalimu Hujengwa Wapi?

WAMBUI: Karibu tena, msikilizaji. Leo tunamzungumzia mwalimu na imani yake kwa uwezo wake. Otieno, wewe umefundisha huko Eastlands, hapa Nairobi. Ukipewa somo ambalo hukulisomea, unaingiaje darasani?

OTIENO: Kwa hofu, dada. Walimu wengi wa sekondari tulisomea masomo mawili chuoni. Gredi ya 7 ya mtaala mpya ilipoanza Januari 2023, kuna wa Kiswahili na Dini waliojikuta wakifundisha sayansi. Mwalimu akiogopa kuulizwa swali, anawaambia watoto wanakili ubaoni mpaka kengele ilie.

WAMBUI: Na mtu akipita dirishani atamwita mvivu.

OTIENO: Wala si uvivu! Mwanasaikolojia Albert Bandura alilieleza hili mwaka 1977: mtu asipoamini kwamba ataweza, hajitumi sana, na akikwama anaacha mapema.

WAMBUI: Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti kule Marekani, waliwapima walimu wa Los Angeles kwa kauli mbili tu. Ya kwanza: mwalimu hana la kufanya, kila kitu hutegemea nyumbani anakotoka mtoto. Ya pili: nikijitahidi kweli, hata mwanafunzi mgumu nitamfikia. Majibu yao yaliendana na jinsi wanafunzi walivyopiga hatua katika kusoma.

OTIENO: Hiyo ya kwanza naisikia kila stafurumu. "Wazazi wa huyu hawajali." Lakini tuwe wa haki, wapo watoto wanaofika na njaa.

WAMBUI: Wapo, na ndiyo maana nauunga mkono kwa moyo wote Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Nairobi wa chakula shuleni, mtoto analipa shilingi 5 anapata chakula cha mchana. Ila akishashiba, bado anahitaji mtu anayeamini kwamba huyu mtoto ataelewa kugawanya.

OTIENO: Na imani hiyo haiji kwa hotuba. Bandura anasema chanzo chake kikubwa ni kufaulu wewe mwenyewe, kisha kumwona mtu kama wewe akifaulu. Mtu kama wewe! Semina ya hotelini inaendeshwa na mtaalamu mwenye projekta, anafundisha watu wazima waliotulia. Mimi nina watoto sitini na chaki. Lakini nikimwona mwalimu mwenzangu wa darasa la jirani, watoto wa mtaa ule ule, somo lile lile, wanamwelewa, nasema kumbe inawezekana.

WAMBUI: Mwalimu mkuu atakuuliza, nafasi ya kutembeleana madarasani aitoe wapi kwenye ratiba?

OTIENO: Naomba kipindi kimoja tu kwa wiki. Nikae nyuma darasani kwake, kesho naye akae kwangu.

WAMBUI: Bila fomu ya ukaguzi?

OTIENO: Bila fomu, bila alama. Mtu akija na kalamu ya kukupima, unafundisha kwa kumridhisha yeye na watoto unawasahau.

WAMBUI: Mwalimu unayetusikiliza Kayole, Kangemi, popote ulipo Nairobi: kama shuleni kwenu mnatembeleana hivyo, tuandikie mlianzaje.