Sugua kioo cha darubini kwa mkono, kama William Herschel

Haya wadau karibuni, leo tunasugua kioo cha darubini ya kutazama nyota, na tunamfuata fundi mmoja wa zamani, William Herschel, Mjerumani wa Hanover aliyehamia Uingereza, kazi yake ilikuwa kupiga kinanda kanisani mjini Bath na kufundisha muziki, darubini kubwa za kununua zikamshinda bei, 1773 akaanza kutengeneza zake mwenyewe nyumbani.

Yeye hakutumia glasi. Alimimina shaba na bati, kama mafungu mawili ya shaba kwa moja la bati, inatoka kitu cheupe kinang'aa ila kinavunjika kirahisi. Hiyo sehemu msijaribu nyumbani jamani! 1781 alitaka kioo kikubwa zaidi, kalibu yake ilikuwa ya mavi ya farasi ambayo dada yake Caroline alikaa kuyatwanga kwenye kinu na kuyachekecha, tanuri likavuja, uji wa moto ukamwagika sakafuni, mawe ya sakafu yakapasuka yakaruka huku na huku, wote mbio nje.

Kwa hiyo sisi ni glasi. Tafuta vipande viwili vinene vya duara, upana sentimita 15, na usividharau, maana kile alichotumia Herschel kuiona sayari ya Uranus tarehe 13 Machi 1781 kilikuwa karibu saizi hiyo hiyo. Kimoja kifunge juu ya pipa, kingine kiweke juu yake, hicho ndo kioo chako. Katikati nyunyiza unga wa msasa namba 80 na maji kidogo, sukuma, vuta, sukuma, vuta, kila baada ya muda kizungushe kidogo mkononi na wewe songa hatua moja kulizunguka pipa. Cha juu kitachimbika katikati, cha chini kitavimba, chenyewe tu. Sikiliza sauti: unga mpya unakwaruza, ukichoka sauti inafifia, osha weka mwingine. Lalisha rula ya chuma juu ya kioo, waya wa milimita 1.2 ukipita pale katikati kwa kubana, acha kuchimba.

Sasa panda namba, 120, 220, 400, hadi unga laini kabisa, na kila ukibadilisha osha meza, ndoo, hadi kucha, punje moja ya namba 80 ikibaki inakuchora mstari utakaokurudisha nyuma kote.

Kung'arisha: yeyusha lami ya utomvu wa msonobari, mimina kwenye kile cha chini, ikipoa kidogo kandamiza na kioo chako kilicholowana, kata mifereji, halafu tumia poda nyekundu ya kutu ya chuma. Hapa Herschel aliogopa kunyanyua mkono, kuna siku alisugua masaa 16 mfululizo na Caroline akawa anamlisha matonge mdomoni. Wewe pumzika tu, tena ni lazima, joto la mikono linaivimbisha glasi, ukipima hapo hapo unadanganywa, iache ipoe kwanza.

Shaba na bati ya Herschel ilipoteza mng'ao kila baada ya muda, ikabidi aingarishe upya na umbo lile lote alitafute tena. Yetu tunaipaka aluminiamu, ikichakaa unaipaka nyingine, glasi haiguswi. Ila pima umbo kabla ya kupaka sio baada, na usifute uso wake kwa shati.