Yusufu Mmoja, Wasimulizi Wawili

ZAINA: Mbalamwezi imetoka, msikilizaji. Hapa Kigoma maana yake wavuvi wa dagaa wako nchi kavu, na vijana wana usiku wa kukaa. Ndio wakati ninaoupenda kwa mafunzo ya hadithi. Deo, za tangu juzi?

DEO: Njema, dada Zaina. Leo nakubana. Unawakusanya vijana wa msikitini na wa kanisani, unawaambia wasimulie. Kwa nini usiwape mada wajadili?

ZAINA: Mjadala unamtaka kijana ashinde. Mihadhara ya uwanjani unaijua: huyu na aya, yule na mstari, watu wanashangilia kama wako mpirani. Hadithi inamtaka amsikilize mwenzake mpaka mwisho.

DEO: Mnaanza na ipi?

ZAINA: Yusufu. Kwetu ni sura ya 12 ya Kurani. Hebu isimulie ya kwenu.

DEO: Mwanzo, sura ya 37. Yakobo anamtuma Yusufu akawajulie hali ndugu zake malishoni. Wanamtupa shimoni, anauzwa kwa vipande 20 vya fedha. Kanzu inachovywa damu ya mbuzi. Baba akiiona anasema mnyama mkali amemla. Anararua mavazi yake, anakataa kufarijiwa.

ZAINA: Sasa sikia. Kwetu ni ndugu ndio wanaomwomba baba wamchukue, naye anasema anachelea mbwa mwitu. Wakirudi na kanzu yenye damu ya uongo, Nabii Yakubu haamini. Anawaambia nafsi zao zimewashawishi. Kwake yeye, subira ni njema.

DEO: Loh. Kwa hiyo huyu analia akiamini mwana kafa, yule anangoja akijua kadanganywa.

ZAINA: Vijana wakifika hapo hawataki kulala! Ila sipendi mtu akimbilie kusema "ni ile ile tu, dini zote sawa." Si ile ile. Anayesema hivyo ameacha kusikiliza, ametumia adabu tu. Mimi nataka kijana wa Kikristo aisimulie ya kwetu mbele ya Mwislamu, asahihishwe na mwenyewe, kisha wabadilishane. Ukishaisimulia ya mwenzako bila kuipindisha, kumdhihaki kunakuwa kugumu.

DEO: Na wazazi? Shehe, mchungaji? Wataona mtoto anavutwa.

ZAINA: Wana haki. Tunawaendea wao kwanza, na anayetaka anakuja kukaa nyuma asikilize. Tunakutana kwenye uwanja wa shule.

DEO: Halafu kijana aliyeuzwa akachukuliwa na msafara... kwa Ujiji, hapa hapa Kigoma, si jambo la mbali. Karne ya 19 watu walipitishwa hapa kwenye minyororo, Tabora, mpaka Bagamoyo.

ZAINA: Ndiyo maana baada ya Yusufu nawatuma kwa bibi na babu: ukoo wetu ulifikaje hapa? Mmoja anarudi na Manyema ng'ambo ya ziwa, mwingine Kasulu, mwingine Burundi. Anasimulia kwa "mimi", "bibi yangu". "Sisi Waislamu" na "ninyi Wakristo" hatuvitaki usiku huo.

DEO: Kwetu mama mdogo aliolewa Uislamuni. Ramadhani tunafuturu kwake, Krismasi anakuja na wanawe. Lakini siku ya kuolewa kwake babu hakwenda. Hiyo naweza kuisimulia?

ZAINA: Umemuuliza mama mdogo?

DEO: Bado.

ZAINA: Muulize. Ni yake kabla ya kuwa yako.

DEO: Nitampitia jioni.