Kozi Ile Itafundishwa Tena Lini?

Wanangu, karibuni. Mlio nyuma sogeeni, viti vipo. Najua wengi mmekuja na maswali ya bweni. Yatafika. Kwanza kozi.

Japani mwaka wa masomo huanza Aprili, Korea Kusini Machi. Anayeingia huko majira ya machipuko huanza pamoja na wenzake wote. Vyuo vya Marekani mnakokwenda ninyi, muhula wa machipuko huanza Januari, baridi bado kali, na mwaka umeshafika katikati. Wenzenu wameshasoma sehemu ya kwanza ya karibu kila kitu. Sehemu ya kwanza hiyo, katika idara nyingi, hairudiwi mpaka mwaka mpya wa masomo.

Alinijia binti mmoja, wiki ya pili ya muhula, na ratiba yake imechapwa vizuri. Kozi tano, hakuna ya asubuhi, Ijumaa yote mapumziko. Anataka uhandisi. Nikamuuliza, Kalkulasi ya Kwanza iko wapi? Akasema, “Mwalimu, nimeona nianze taratibu, hesabu nitachukua Septemba.” Nikachukua penseli, nikageuza karatasi yake, nikaanza na mradi wa mwaka wa mwisho. Huo unadai kozi fulani ya mwaka wa tatu. Hiyo inadai nyingine ya mwaka wa pili, inayofundishwa muhula wa Januari tu. Hiyo nayo inadai Kalkulasi ya Pili. Na ya Pili huipati bila ya Kwanza. Nikachora mishale kutoka kulia kwenda kushoto mpaka nikaishiwa karatasi. Mshale wa mwisho niliumalizia mezani. Akauangalia, akahesabu kwa vidole. Mwaka mzima ulikuwa umepotea, na hajafeli hata jaribio moja!

Kipindi cha kuongeza na kuacha kozi kilikuwa kimebakiza siku mbili. Akaenda kumsubiri mhadhiri mlangoni mpaka akapata saini yake. Siku mbili, jamani. Angekuja Jumatatu iliyofuata ningekuwa sina la kumfanyia.

Mtaniambia, si kuna mshauri wa masomo? Yupo, na mwendeeni. Lakini ana foleni mlangoni. Akiona umejaza krediti 15, yaani vipimo vya uzito wa kozi, anaridhika, maana digrii ya krediti 120 kwa mihula 8 ni 15 kila muhula. Hesabu inakubali. Hesabu hiyo haionyeshi kipi kinamtangulia mwenzake, na hilo ndilo linalowaumiza watu wa Januari. Mwingine ananiambia atafidia kiangazi. Umeuliza kama kozi hiyo inafundishwa kiangazi? Hajauliza. Kila mwaka nasikia jibu hilohilo, na kila mwaka linanikera, kwa sababu kuuliza ni barua pepe ya mistari miwili.

Kwa hiyo kila kozi unayotaka kuiacha, uliza: itafundishwa tena lini, na kozi zipi zinaisubiri?

Haya, bweni. Januari mnapewa nafasi za walioondoka, na mkataba mara nyingi unaisha Mei pamoja na muhula. Uliza tarehe, na uliza utalala wapi kiangazi. Mwenye krediti za chuo kingine aje na silabasi ya kila kozi, kwa kuwa transkripti, yaani karatasi ya matokeo, inaonyesha jina la kozi, krediti na alama tu, na idara inataka kujua ulifundishwa nini. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20 yake, fomu anayopewa na chuo, basi msikate tiketi kwa kukisia. Kazi ya chuoni, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, zisizidi. Ufadhili: ulizeni kama unahesabiwa kwa muhula au kwa mwaka.

Naona muda unanikimbia. Toeni penseli. Nani anaijua kozi ya mwisho kabisa ya digrii yake? Wewe wa shati la bluu, njoo uiandike hapa, mwisho wa ubao, kulia. Tuanze kurudi nyuma.