Kahawa Yenye Homa

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, mkisikia kitu kinagonga kikombe, msidhani Mwalimu anakoroga sukari, maana mnajua sukari aliiacha tangu mwaka juzi na hajachoka kutukumbusha. Kinachogonga leo ni kipimajoto. Mwalimu, waeleze mwenyewe, kwa sababu mimi nimekwisha kuona haya kwa niaba yako.

MWALIMU: Hakuna la kuonea haya, Bi Zuhura. Jumatatu baada ya sala ya alasiri nilikwenda kijiweni kwangu Ngamiani, pale ninapokunywa kahawa tangu nilipokuwa na nywele, na mfukoni nilikuwa na kipimajoto cha jikoni nilichokinunua kwa fedha yangu. Muuza kahawa alipoinua dele na kunijazia finjani, nilikitumbukiza, nikasubiri tarakimu zitulie, zikatulia kwenye 76. Yule kijana akanitazama, akayatazama makaa yake, kisha akaniuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, kahawa yangu ina homa?"

ZUHURA: Na baraza zima likacheka.

MWALIMU: Likacheka, na mzee mmoja akashauri kahawa ikalazwe. Hata hivyo, kicheko kilipokwisha kila mmoja alitaka yake ipimwe. Nilipima finjani tisa, na iliyokuwa na joto dogo kuliko zote ilikuwa na nyuzi 69, nayo ilikuwa ya mzee aliyejisahau akisimulia enzi za mkonge.

ZUHURA: Hapa mezani tuna vikombe viwili vya chai ya maziwa iliyotoka kwenye chupa sasa hivi. Zamani wodini tulikuwa hatuanzi zamu kabla ya kupokea hali ya mgonjwa. Mgonjwa wetu anaendeleaje?

MWALIMU: Nyuzi 79.

ZUHURA: Basi sema upesi, kwa sababu nina karatasi yenye mambo sita niliyoyaandaa kuhusu mazoea yanayopunguza hatari ya saratani, na joto la chai halimo.

MWALIMU: Halimo kwa sababu karatasi uliiandika wewe. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliwakutanisha wataalamu ili waangalie upya kahawa na vinywaji vya moto. Kahawa yenyewe, ambayo tangu mwaka 1991 ilikuwa ikishukiwa kuhusu saratani ya kibofu, iliondolewa katika orodha ya washukiwa. Kilichobaki kizimbani ni joto: kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na zaidi ya nyuzi 65, hata kama ni maji matupu, kiliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani ya ile njia inayopeleka chakula tumboni. Inadhaniwa kwamba ngozi laini ya ndani inapoungua kidogo kila siku na kulazimika kujijenga upya kila siku, ndipo makosa yanapopata nafasi ya kuingia.

ZUHURA: Umelitamka neno "huenda" kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Kundi hilo ndilo lenye nyama nyekundu, ilhali soseji na nyama nyingine za kusindikwa, pamoja na pombe na tumbaku, ziko kundi la juu yake, la vitu visivyo na shaka tena. Na wasikilizaji walifahamu hili vizuri: kundi linaeleza uhakika wa ushahidi tu. Ukubwa wa hatari ni hesabu nyingine kabisa, kwa hiyo soseji na sigara kukaa kundi moja hakuna maana kwamba zinaua kwa kiasi kimoja.

MWALIMU: Nakubali hilo bila taabu. Lakini mimi nazungumzia kitu tunachokifanya sisi kuliko wengine. Watafiti walipowapima wanywaji wa chai kule Kilimanjaro, walikuta kwamba kwa wastani watu wanaanza kunywa chai ikiwa na nyuzi 70 na ushei, na wa chai ya maziwa walikuwa wakiinywa ikiwa na joto zaidi kidogo kuliko wa chai ya rangi. Fikiri kwa nini. Mwingereza hutia maziwa baridi kikombeni na chai hupoa palepale. Sisi tunachemsha maziwa na majani pamoja, tunaitia kwenye chupa ili joto lisitoke, na mgeni akipewa chai ya vuguvugu anaona amedharauliwa. Ukimkaribisha mtu nyumbani kwako Chumbageni ukampa chai ya nyuzi 60, kesho yake habari imefika Makorora.

ZUHURA: Hilo ni kweli. Mama mkwe wangu alikuwa akiigusa chupa kwa kiganja kabla ya kukusifu au kukusema.

MWALIMU: Na dawa yake tulikuwa nayo, tukaitupa wenyewe. Bibi yangu kule Pangani alikuwa hanywi chai kikombeni. Aliimimina kwenye kisosi, akakishika kwa vidole vya mikono miwili kama anayebeba kifaranga, akapuliza mara mbili, ndipo akanywa. Jumanne nimejaribu nyumbani: chai ya nyuzi 74 niliyoimimina kwenye kisosi ilifika 58 kabla sijamaliza kuandika tarakimu ya kwanza. Kisosi ni kipana na chai yake ni kina kidogo, kwa hiyo joto halina pa kujificha.

ZUHURA: Shuleni tuliambiwa huo ni ushamba.

MWALIMU: Nani alisema? Walimu. Nami nilikuwa mmoja wao, naungama hadharani. Mgonjwa sasa ana 72.

ZUHURA: Mimi wangu nimekwisha kumnywa nusu.

MWALIMU: Kwa makusudi?

ZUHURA: Kwa makusudi, ili uniulize sababu. Nisikilize sasa, maana hapa hatutaelewana. Uchunguzi mkubwa unaotajwa kila mahali ni ule wa Golestan, Irani, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2019. Waliwafuatilia watu zaidi ya 50,000 kwa takriban miaka kumi, na waliokunywa zaidi ya mililita 700 za chai kwa siku, ikiwa na nyuzi 60 au zaidi, hatari yao ilikuwa juu kwa asilimia 90 kuliko ya waliokunywa chai kidogo na isiyo ya moto sana. Mtu akisikia asilimia 90 anakimwaga kikombe. Lakini katika watu wote hao, waliopata saratani ya umio kwa muda wote huo walikuwa 317. Asilimia 90 ya kitu kidogo ni kitu kidogo. Na mwaka mmoja kabla yake, mwaka 2018, China ilitoa uchunguzi wa watu zaidi ya 450,000 ulioonyesha kwamba chai ya kuunguza iliongeza hatari kwa wanaovuta sigara au wanaokunywa pombe kupita kiasi, ilhali kwa wasiofanya hayo mawili kunywa chai kila siku hakukuonekana kuwadhuru, hata ikiwa ya moto. Wazee wako wa kijiweni wanaotoka msikitini, hawavuti, hawanywi pombe, unawapima finjani za nini?

MWALIMU: Kwa sababu Golestan nako pombe ni nadra, na ongezeko limeonekana hata hivyo. Huwezi kuuchukua uchunguzi wa China kwa sababu unakupendeza na kuuacha wa Irani kwa sababu unaikosoa chupa ya mama mkwe. Tena eneo hili la Afrika Mashariki linajulikana duniani kwa saratani ya umio, wagonjwa wengine wakiwa vijana, na hakuna aliyepata sababu moja inayoeleza yote. Pale ambapo sababu haijajulikana, mtu mwenye busara huanza na lile lisilogharimu kitu. Kungoja dakika chache kunagharimu shilingi ngapi?

ZUHURA: Kunagharimu, Mwalimu. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, tulimzika mwaka jana kwa saratani hiyohiyo. Hakuwahi kushika sigara. Miezi yake ya mwisho hata uji ulikuwa haupiti, nami ndiye niliyekuwa nikimlowanisha midomo kwa pamba. Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nyuma ya pazia nikiosha vikombe, nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba marehemu alikuwa anakunywa chai ya moto mno, asisikie la mtu. Kwa sentensi moja msiba ukawa kosa la marehemu.

MWALIMU: Pole sana, Bi Zuhura. Hilo hukuwahi kuniambia.

ZUHURA: Sikukuambia kwa sababu nilijua siku moja utakuja na kifaa. Tarakimu za kundi la watu elfu hamsini haziwezi kusema kwa nini mtu mmoja ameugua. Wewe unalijua hilo na mimi nalijua, lakini wazee tisa uliowapima wataondoka na kipande kile kinachobebeka, na kipande kinachobebeka ni kwamba fulani alikufa kwa chai yake.

MWALIMU: Nimekuelewa, na bado sikubali. Ukiufuata msingi huo, tusiseme hata habari ya sigara, kwa kuwa kila mvutaji aliyekufa ana mpwa wake nyuma ya pazia. Tutanyamaza mpaka lini?

ZUHURA: Sigara ushahidi wake umekwisha kusimama na madhara yake ni makubwa, kwa hiyo maumivu ya kusema yana malipo. Kwa chai unaumiza watu kwa faida ndogo.

MWALIMU: Faida ndogo kwa mtu mmoja, ikizidishwa kwa mji wote wanaokunywa chai mara tatu kwa siku, si ndogo.

ZUHURA: Ikiwa ni faida.

MWALIMU: Ikiwa ni faida, naam. Mgonjwa ana 66.

ZUHURA: Mwache mgonjwa.

MWALIMU: Nimemwacha.

ZUHURA: Kijana wetu wa mitambo ananionyesha vidole vinne, na sijui kama ni dakika nne au ameomba mandazi manne. Ni dakika. Mwalimu, umeila karatasi yangu yote. Nilitaka kuanza na chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, ambayo wasichana wetu wanachanjwa bila malipo tangu mwaka 2018, na bado kuna wazazi wanaowaficha mabinti siku ya chanjo kwa sababu ya maneno ya mtaani. Hilo ndilo lililostahili dakika ishirini, na nimelisema kwa pumzi moja.

MWALIMU: Lisemwe tena wiki ijayo, nami nitanyamaza.

ZUHURA: Nina ushahidi wa miaka mitatu kwamba hutanyamaza. La pili lilikuwa uzito wa mwili na kutembea kwa miguu, la tatu mboga, maharage na machungwa ya Muheza kuliwa na nyama zake badala ya kukamuliwa na kutiwa sukari, na hayo nayaacha kabisa.

MWALIMU: Kashata je? Niliiona kwenye karatasi.

ZUHURA: Hilo nitalisema, kwa sababu linahusu kijiwe chako kuliko kipimajoto. Karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu hushika kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumukuvu, ambayo ni chanzo cha hakika cha saratani ya ini, bila "huenda" yoyote, na hatari yake inakuwa kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kukaanga hakuimalizi. Kwa hiyo anayetengeneza kashata azichambue karanga kabla ya kuzitia jikoni, atupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, hata kama kilo itapungua na faida ikapungua nayo. Na atupe kweli, asizitenge kwa ajili ya kusaga. Mahindi vilevile: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na hapo hatukuwa tunazungumzia saratani ya baada ya miaka ishirini, walikufa mwaka uleule.

MWALIMU: Jumatatu nilikula kashata tatu.

ZUHURA: Ulizitazama?

MWALIMU: Nilikuwa natazama kipimajoto.

ZUHURA: Wasikilizaji wameandika wenyewe. Vidole sasa ni kimoja. Wiki ijayo tunaanza na chanjo, na kifaa hicho kibaki nyumbani.

MWALIMU: Nitakuja nacho, ila sitakitoa mfukoni kabla ya wewe kumaliza.

ZUHURA: Chai yako hujaigusa tangu tuanze.

MWALIMU: Ina 61. Nangoja.

ZUHURA: Mimi najimiminia ya pili.