Jinsi ya kunasa jina la jaribio na hitilafu yake wakati wa kusafisha kwenye pytest

Karibuni tena. Leo tunanasa vitu viwili pale jaribio linapoisha na usafishaji unaanza: jina la jaribio, na hitilafu iliyoliangusha kama limeanguka. Sehemu hii ya pytest, chombo cha kuendesha majaribio ya programu za Python, naipenda kuliko zote. Ikikaa sawa, majaribio yakianguka usiku kwenye seva, asubuhi unakuta faili inakusubiri, ina jina na sababu.

Mradi ninao, pytest toleo la 8 imeshawekwa, hayo tunayapita. Fungua conftest.py, faili ambayo pytest huisoma yenyewe kabla ya majaribio.

Andika fikscha (fixture), yaani kitendaji kinachoandaa jaribio na kusafisha baada yake. Ipe autouse=True ili kila jaribio liipate bila kuiomba, na ipokee request, kitu cha pytest chenye taarifa za jaribio linaloendeshwa. Ndani weka yield. Kilicho juu ya yield ni maandalizi, kilicho chini ni usafishaji. Jina unalo tayari: request.node.name. Ila usiipe scope (upeo) ya module, maana hapo request.node inakuwa faili zima na jina utakalopata ni la faili.

Sasa simama hapa. Mikono itakuwasha uizungushie yield try na except, ukidhani utaidaka hitilafu ya jaribio. Usifanye hivyo. Hitilafu haipiti huko. pytest inaliendesha jaribio pembeni, inaikamata hitilafu yenyewe, kisha inairudia fikscha yako ikaendelee kusafisha. Mimi hapa nilipoteza siku nzima: jaribio jekundu kwenye terminali, na except yangu haijachapisha hata herufi moja. Narudia: try kuzunguka yield haidaki hitilafu ya jaribio.

Njia yake ni kulabu (hook), yaani kitendaji ambacho pytest inakiita yenyewe ikifika hatua fulani. Humo humo conftest.py, juu kabisa, tengeneza ufunguo wa kuhifadhia ripoti kwenye stash, ghala dogo la kila jaribio: ripoti = pytest.StashKey(). Halafu andika pytest_runtest_makereport inayopokea item na call, na juu yake @pytest.hookimpl(wrapper=True, tryfirst=True). Ndani mistari mitatu:

rep = yield
item.stash.setdefault(ripoti, {})[rep.when] = rep
return rep

Huo mstari wa mwisho, return rep, uangalie mara mbili. Ukiusahau, pytest inapokea None mahali pa ripoti, na linaloanguka si jaribio lako tena, ni pytest yenyewe.

Kulabu hii inaitwa mara tatu kwa jaribio moja: setup (maandalizi), call (jaribio lenyewe), teardown (usafishaji). Ndiyo maana tunahifadhi kwa rep.when. Tukiwa chini ya yield, ripoti ya teardown bado haijaandikwa, na sisi tunayoitaka ni ya call.

Rudi kwenye fikscha, chini ya yield:

rep = request.node.stash[ripoti].get("call")

Tumia get, usitumie mabano ya mraba. Fikscha nyingine ikianguka kwenye maandalizi, call haipo kabisa. Ukitumia mabano utazua KeyError yako juu ya hitilafu ya kweli, na atakayesoma atahangaika na lisilo lenyewe. get, tafadhali.

Kisha: if rep and rep.failed, andika rep.longreprtext kwenye faili lenye jina la jaribio. Mimi nahifadhi maandishi, si hitilafu yenyewe, kwa sababu hitilafu inabeba traceback, yaani mlolongo wa miito ulioifikisha hapo, na traceback inashikilia vigeu vyote vya jaribio kwenye kumbukumbu.

Tuendeshe. Nukta, nukta, F... ngoja. Hapo mmeona? F ikafuatiwa na E. F ni jaribio kuanguka, hiyo nimeitaka. E ni usafishaji wetu kuanguka. Nisogeze juu. FileNotFoundError. Aa, jina hili hapa: test_kipindi[2024/01]. Jaribio lina parametrize, yaani linarudiwa kwa thamani tofauti tofauti, na thamani yake ina mkwaju, kwa hiyo Python inatafuta folda iitwayo test_kipindi[2024 ambayo haipo.

Kabla ya kuandika faili, pitisha jina hapa:

jina = re.sub(r"[^\w-]", "_", request.node.name)

Na import re juu. Herufi, tarakimu na vistari vinabaki, vingine vyote vinageuka kistari cha chini. Thamani yako ya parametrize ikiwa anwani ya wavuti, ni hivyo hivyo.

Tena. Nukta, nukta, F. Safi, E imeondoka. Fungua folda: test_kipindi_2024_01_.txt. Ndani yake, mshale ule wa pytest umesimama kwenye mstari wa assert, na chini yake E assert 31 == 30.